Kanda zangu 140: nizihamishie kwenye flashi kisha nizitupe?

Mpenda Dansi (Mbeya)

Ndugu zangu, habari za siku. Nimehama Tukuyu na kuja kuishi Uyole, na katika mizigo niliyoshusha limo sanduku lenye kanda 140 za muziki wa dansi, nyingine nilizonunua Mwanjelwa enzi hizo na nyingine nilizorekodi mwenyewe kutoka redioni. Kijana wangu anasema kwamba sanduku hilo linajaza chumba bure, kwa kuwa nyimbo zote zimo kwenye simu. Ili kunithibitishia, alitafuta wimbo wa Marijani Rajab ambao sikuwa nimeusikia tangu redio ilipokula kanda yake, na haikupita dakika moja ukawa unalia, safi, bila mkwaruzo wowote.

Sikatai kwamba nilifurahi. Lakini nilipomwuliza ni nani aliyepiga solo, simu haikuwa na jibu. Ilionyesha jina la mwimbaji na picha ambayo haihusiani hata na bendi yenyewe. Wimbo uliofuata, ninaoufahamu fika kuwa ni wa Vijana Jazz, ulikuwa umeandikwa kuwa ni wa Msondo. Kava za kanda zangu nazo hazikuwa na maelezo mengi, na baadhi zilikuwa karatasi ya fotokopi tu, lakini pale yalipokuwapo majina ya mtunzi na waimbaji, yalikaa pamoja na wimbo wake miaka yote.

Swali langu ni hili: je, nikishazihamishia kwenye flashi, kuna sababu ya kuendelea kuzitunza?

Fundi Redio (Makambako)

Mzee wangu, shikamoo. Kabla ya kujadili kuzitupa, zikague kwanza, kwa sababu Tukuyu ni mji wa mvua na unyevu, na kanda iliyokaa huko miaka mingi aghalabu huwa na ukungu mweupe pembeni mwa utepe. Kanda ya namna hiyo usiiweke kwenye redio hata kidogo, kwani itachafua hedi, yaani kile kichwa kinachosoma utepe, na hedi itachafua kanda zote zitakazofuata. Zile zilizo salama, zipeleke mbele hadi mwisho kisha uzirudishe mwanzo kabla ya kurekodi, ili utepe ulioshikana uachiane taratibu, na kila baada ya kanda chache usafishe hedi kwa pamba yenye spiriti.

Wengi hukosea kwa kuweka simu mbele ya spika na kurekodi hivyo hivyo, ikiingia na sauti ya kuku na ya pikipiki. Tumia waya unaotoka kwenye redio kuingia kwenye kompyuta, na uhifadhi sauti bila kuibana: kwa kiwango cha CD, dakika moja huchukua takriban MB 10, hivyo kanda ya dakika 60 itachukua kama MB 600, na kanda zako zote 140 zikiwa za urefu huo zitaenea katika GB 85 hivi. Ukishakuwa na nakala hiyo kubwa, ndipo utengeneze MP3 za kusikiliza kwenye gari, ambazo kwa kiwango cha chini huchukua karibu MB 1 kwa dakika. Kinyume chake hakiwezekani, maana kilichokwisha kupunguzwa na MP3 hakirudi.

Kuhusu kutupa, mimi nisingetupa. Nimeletewa flashi nyingi zilizokufa bila dalili yoyote, na sikuweza kuziokoa. Kanda iliyokatika huungwa kwa utepe wa gundi, na anayesikiliza akapoteza nusu sekunde tu.

Binti Kihesa (Iringa)

Mzee wangu, shikamoo. Ninaomba niwe upande wa kijana wako kidogo. Tunazisifu kanda na CD kana kwamba zilimfikia kila mtu, ilhali mashabiki wa mikoa yetu tulisubiri hadi mwenye duka aende Kariakoo, na mara nyingi alichorudi nacho kilikuwa nakala ya wizi. Stempu za kodi za Mamlaka ya Mapato (TRA) zilianza kubandikwa kwenye kazi za muziki mwaka 2013, wakati watu walikuwa tayari wanaingiziwa nyimbo kwenye memori kadi vibandani. Leo wimbo ukitoka asubuhi, mtu wa Ludewa anausikia saa ileile na mtu wa Magomeni, bando likiwapo.

Hata hivyo, nakiri jambo moja. Nilikuwa nalipia programu ya muziki na nimepakua humo mamia ya nyimbo, nikidhani ni zangu. Miezi miwili niliposhindwa kulipa, zote zilifungwa. Nilikuwa nimekodi, sikununua.

Katibu wa Kwaya (Njombe)

Nyote mmezungumza kama wasikilizaji. Niruhusuni nizungumze kama muuzaji. Kwaya yetu ilipotoa kanda, na baadaye CD, tulisimama nje baada ya ibada tukauza mkononi, na muumini aliyependa kutuunga mkono alilipa mara tatu ya bei bila kudai chenji. Vinanda vyetu vilinunuliwa kwa njia hiyo. Siku hizi waumini wanaomba tuwatumie wimbo kwa WhatsApp, wanatubariki kwa maneno mazuri, na habari inaishia hapo. Tulipofungua ukurasa wa YouTube tuliambiwa kwamba fedha za matangazo hazianzi kuingia mpaka tupate wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Kwa kwaya ya mtaa huo ni mlima. Lakini hatuwezi kurudi kwenye CD, kwa kuwa nyumba zenye deki zimebaki chache mno.

Msikilizaji (Mafinga)

Usitupe. Marekani, mwaka 2022, santuri zilizouzwa zilikuwa takriban milioni 41 na CD milioni 33, ilhali santuri zilidhaniwa kuwa zilikwisha kuzikwa zamani.

Mpenda Dansi (Mbeya)

Nimewasoma wote, asanteni. Binti Kihesa, marahaba, nawe Fundi, marahaba. Katibu, nitakuja kununua CD yenu, maana deki ninayo.

Jana nimelikagua sanduku. Kanda 11 zina ukungu na nimezitenga kwenye mfuko wake. Nimeona pia kwamba nilikuwa nimeuliza swali langu kwa jumla mno. Zile za dukani huenda zipo kwa watu wengine, lakini 32 nilizirekodi kutoka Redio Tanzania Dar es Salaam, na mtangazaji anataja bendi, mtunzi na wapigaji kabla ya wimbo kuanza. Mara mbili anamkata mwimbaji katikati ili asome taarifa ya habari, jambo lililonikera sana wakati ule. Nitaanza na hizo, na sitakata sauti ya mtangazaji.

Fundi, Jumamosi nitapanda basi la asubuhi. Je, nije na redio yangu, au ya kwako ina hedi nzuri zaidi?