Taa za Probox zimekuwa na ukungu wa njano, nizisugue ama nibadilishe balbu?

MamaOmena_Nakuru:
Hamjambo wadau, naomba ushauri kabla sijatoa pesa mara ya tatu. Niko na gari ya Toyota Probox ya 2008, kazi yangu ni kuchukua omena (dagaa) Kisumu kuleta soko hapa Nakuru, kwa hivyo mara tatu kwa wiki natoka Kisumu saa tisa usiku, Ahero, Awasi, Kericho, Mau Summit halafu Salgaa. Taa za mbele zimekuwa njano kama macho ya mgonjwa wa manjano. Wiki iliyopita karibu na Awasi nilikaribia kugonga mkokoteni wa punda, haukuwa na taa wala riflekta, kitu ya kwanza niliona ni masikio ya punda na tayari nilikuwa juu yake. Mpaka sahii nikikumbuka mikono inatetemeka.

Kuna fundi alizisugua na dawa ya meno, ziling'aa kabisa, wiki tatu zikarudi vile zilikuwa. Sasa muuza spea ananiambia niweke balbu za LED nyeupe za 6000K (weupe wa kuelekea buluu), mwingine anasema niweke balbu kubwa ya wati 100/90. Ama ninunue taa nzima? Nisaidieni jamani, hii barabara ndiyo inalisha watoto wangu.

fundi_wa_kibuye:
Pole sana mama. Usinunue balbu yoyote kwanza. Hizo taa si kioo, ni plastiki inaitwa polikaboneti, ikitoka kiwandani inapakwa ngozi nyembamba ya kuizuia jua. Hapa kwetu ikweta inapita Maseno hapo, jua inakula hiyo ngozi miaka michache tu, ikishatoka plastiki yenyewe inaanza kuungua inakuwa njano. Dawa ya meno inakwangua juu juu lakini hairudishi ngozi, ndiyo maana ulipata wiki tatu tu.

Leo jioni fanya hivi, mwagia taa maji na uangalie ikiwa bado imelowa. Ikikuwa safi unaona mpaka ndani, ugonjwa uko nje na msasa utamaliza. Ikibaki na ukungu hata na maji juu, shida iko ndani na hata ukisugua mpaka kesho hutasaidika. Leta jibu hapa.

Vitz_Kakamega:
Mimi niliweka LED mwaka jana na naona mbali sana, barabara ya Chavakali usiku ni kama mchana. Mama weka LED usahau hayo mambo ya kusugua.

lori_la_malaba:
Ndugu yangu wa Vitz, wewe unaona lakini sisi tunaokutana na wewe hatuoni. Naendesha lori Nakuru Malaba na naomba nieleze hii vizuri kwa sababu ni maisha ya watu. Probox inatumia balbu ya H4, ndani iko na nyaya mbili za kuwaka, ya fulu wati 60 na ya dimu wati 55, na chini ya ile ya dimu kuna kikombe kidogo cha chuma. Hicho kikombe ndicho kinakata mwanga usipande kwa macho ya mtu anayekuja. Kile kibakuli cha kung'aa ndani ya taa kilipimwa kwa hizo nyaya zikiwa mahali pake hasa, ukiweka LED ambayo vijitaa vyake vimekaa milimita chache pembeni mwanga unatawanyika kila upande. Unaona mwangaza mwingi karibu na bampa unadhani umepata, kumbe mbali haujafika na dereva wa mbele umempofusha. HID, ile balbu ya gesi ya xenon, ndiyo mbaya zaidi kwa taa kama hizo, inataka taa ya projekta, ile yenye lenzi ya duara ndani.

Halafu mama anapita Mau Summit, anajua ule ukungu wa alfajiri. Mwanga mweupe wa kuelekea buluu unakurudia usoni kama umewashia ukuta. Halojeni ya kawaida, yaani balbu ya waya kama hiyo H4, inakaa umanjano kidogo na haikuchoshi macho kwa mvua.

Vitz_Kakamega:
Sawa mkubwa, nimeelewa. Ni kweli watu huniwakia fulu sana nikidhani ni wivu. Nitarudisha zile za zamani.

MamaOmena_Nakuru:
Asanteni sana. Nimemwagia maji. Ya kulia imekuwa safi kabisa nikaona mpaka balbu, ya kushoto bado iko na ukungu na kuna matone madogo kwa kona ya chini. Na ile ya 100/90 je?

fundi_wa_kibuye:
100/90 achana nayo kabisa, waya za Probox hazikutengenezewa huo moto. Kazini kwangu nimetoa soketi za H4 zimeyeyuka zimeshikana na balbu kama peremende.

Ya kushoto fungua boneti, nyuma ya balbu kuna mpira mweusi umevalishwa kama kofia, angalia kama umepasuka ama haujakaa vizuri, maji huingilia hapo. Toa taa, ianike siku nzima balbu ikiwa nje, weka mpira mpya. Kama kile kibakuli cha ndani kimechubuka kimekuwa kijivu, hapo nunua taa nyingine. Ukichukua ya mtumba hakikisha imetoka Japani ama Uingereza, ya gari za nchi wanaoendesha upande wa kulia wa barabara inarusha mwanga upande wa wanaokuja.

Ya kulia zungushia tepu kwa rangi ya gari, anza msasa wa maji namba 800, halafu 1000, 1500, 2000, umalize na 3000. Kila namba badilisha mwelekeo, ukisugua kulala ile inayofuata sugua kusimama, hivyo unaona kama mikwaruzo ya kwanza imeisha. Maji yatatoka njano kama uji wa wimbi uliochujwa, endelea mpaka yatoke meupe. Usishtuke taa ikionekana mbaya kuliko mwanzo. Mwisho futa na spiriti ikauke, upulizie klia, ile rangi ya juu inayoonyesha kama kioo, ya kuchanganywa na hadena (dawa ya kuigandisha), na hiyo uifanyie nje ukiwa na maski ya kuchuja dawa ya rangi, si kitambaa, ile moshi yake inaharibu mapafu. Bila klia utarudi hapa kabla ya Krismasi.

lori_la_malaba:
Balbu mpya nunua zote mbili pamoja za 60/55 za maana, na usishike kioo na vidole, mafuta ya mkono yanafanya ipate joto mahali pamoja na kuungua mapema. Kingine, ukibeba magunia nyuma gari inalala na taa zinaangalia mawinguni. Kama iko na kile kigurudumu cha kushusha taa kwa dashibodi kitumie. Ukitaka kupima, simama mita tano kutoka ukutani ukiwa na mzigo, mstari wa juu wa dimu uwe chini ya katikati ya taa kama sentimita tano.

MamaOmena_Nakuru:
Nimerudi wadau. Mpira wa kushoto ulikuwa umepasuka kabisa, kibakuli cha ndani kiko sawa, nimeanika na nimebadilisha. Kijana wangu alisugua zote mbili kutoka asubuhi mpaka saa nane, yale maji ya njano nimeyaona kweli, klia tukampelekea mtu wa rangi mwenye maski. Balbu ni halojeni za kawaida tu. Jana usiku Awasi nilimwona mzee na baiskeli isiyo na taa kutoka mbali, nikapunguza mwendo nikampita pole pole. Mungu awabariki nyinyi wote.

boda_luanda:
Mama hiyo mipira ya nyuma ulipata wapi? Zangu zote zimekauka.

MamaOmena_Nakuru:
Duka la spea za mtumba, nilibeba ya zamani mkononi wakanilinganishia. Beba yako pia, ziko za saizi tofauti.