Sauti ya kinasa inazidi kuchelewa kadiri nikahi inavyoendelea, mwanzo iko sawa. Nirekebishe vipi?

MwanaKisauni
Assalaam aleikum wana jukwaa. Nina video ya nikahi ya msikitini, Mji wa Kale, na sauti haikai na midomo.

Vifaa ni hivi. Kamera kubwa juu ya tripodi nyuma ya msikiti, kama mita 17 kutoka kwa bwana harusi, fremu 25 kwa sekunde, imerikodi dakika 92 mfululizo, faili moja. Simu ya mkononi upande wa kulia, imewekwa 30. Sauti nzuri iko kwenye kinasa kidogo mfukoni mwa bwana harusi, maiki ya kubana shingoni mwa kanzu, WAV ya biti 24, kHz 48. Naediti kwa DaVinci Resolve ya bure, na kulinganisha nimetumia "Auto Sync Audio" kwa kufuata mawimbi ya sauti.

Khutba inaanza vizuri, au nusura vizuri, kuna kitu kidogo sikielewi. Ikifika dua ya mwisho, sauti iko nyuma ya midomo kwa fremu 6. Nimeipa kasi ya 100.01, ikavuka upande wa pili, mwisho inatangulia kama fremu 8. Ya simu ndiyo haina mpango kabisa: dakika hii iko mbele, dakika ile iko nyuma. Kazi inatakiwa Ijumaa.

pwani_digital
Kinasa kilikuwa 44.1 hicho. Geuza kiwe 48, kazi imekwisha.

fundi_kuze
Shekhe, amesema mwenyewe ni 48. Na hata ingekuwa 44.1, Resolve husoma kichwa cha faili na kuigeuza yenyewe, urefu haubadiliki. Programu ingekosea kuisoma, dakika 92 zingekuwa 84 na nusu na imamu angesikika kama mtoto wa madrasa. Fremu 6 si ugonjwa huo.

MwanaKisauni, ulicho nacho ni saa mbili zisizokubaliana. Kamera ina fuwele yake ya kuhesabu muda, kinasa kina yake, na hakuna waya unaoziunganisha. Kila moja inaamini sekunde yake ndiyo sekunde. Dakika 92 kwa fremu 25 ni fremu 138,000. Ukigawanya 6 kwa hizo unapata takriban 0.0043 kwa mia, yaani sehemu 43 kwa milioni. Kwa vifaa vya bei ya kawaida hiyo si hitilafu.

Sasa tazama kwa nini 100.01 imekutupa mbali. Asilimia 0.01 ya fremu 138,000 ni karibu 14. Ulihitaji 6, umeondoa 14, ndiyo maana mwisho inatangulia kwa 8. Kisanduku cha kasi kinapokea tarakimu mbili baada ya nukta, na dawa yako iko kwenye tarakimu ya tatu na ya nne. Rudisha 100 na usiiguse tena.

Kata badala ya kuvuta. Sauti inapotea fremu 1 kila dakika 15 na sekunde 20. Lakini usingoje fremu nzima ipotee, kata inapofika nusu fremu: mkato wa kwanza dakika 7:40, halafu 23:00, 38:20, 53:40, 69:00 na 84:20. Baada ya kila mkato, kila kilichobaki mbele yake kisogeze fremu 1 kushoto, kuelekea mwanzo (chagua, bonyeza kitufe cha koma). Mikato sita, fremu sita, na kosa halizidi milisekunde 20 mahali popote.

Dakika hizo si amri. Sogeza mkato hadi imamu anapovuta pumzi au kati ya khutba na ijabu, hata ikiwa ni nusu dakika kabla au baada. Kwa kuwa sauti yako inachelewa, kusogeza kunakula milisekunde 40 za mwisho wa kipande kilichotangulia, hakuachi pengo. Ingekuwa inatangulia, ungebaki na tundu la kujaza kwa mvumo wa msikiti mtupu. Weka mchanganyo (crossfade) wa fremu 2 kwenye kila kiungo. Panka za darini zinavuma muda wote, na mvumo ukikatwa ghafla unatoa "tk" ambayo hutaisikia kwenye spika ya laptopu, ila mteja ataisikia.

bi_rekodi
Fundi kamaliza ya mwisho, mimi nichukue ile ya mwanzo: "nusura vizuri". Hiyo ni umbali.

Kwa joto letu la nyuzi 30 sauti inakwenda karibu mita 349 kwa sekunde. Mita 17 zinachukua milisekunde 49, fremu moja na kidogo. Maiki ya kamera imeisikia sauti ikiwa tayari imechelewa. Auto Sync haioni midomo, inalinganisha mawimbi na mawimbi, kwa hiyo imeichukua sauti safi ya kifuani na kuipachika juu ya sauti iliyochelewa. Kila kitu kimekaa fremu moja nyuma tangu bismillahi. Kwa hiyo kabla ya mikato ya fundi, sogeza sauti yote ya kinasa fremu 1 kushoto, kuelekea mwanzo.

Kuna jambo moja la kuangalia. Ikiwa imamu alikuwa na maiki ya msikiti na kuna spika ukutani karibu na kamera yako, sauti imefika kwenye spika kwa waya mara moja, na ucheleweshaji ni ule wa kutoka spika hadi kamera tu. Spika ikiwa mita 3, usisogeze kitu. Huwezi kukisia, hakikisha kwa macho: tafuta bwana harusi anapojibu "qabiltu", nenda fremu moja moja. Midomo inafunga kwenye b. Fremu ambayo midomo imegusana ndiyo ambayo kwenye mchoro wa sauti kuna kibonde kifupi kabla mstari haujapanda tena. Fanya hivyo hivyo mwisho, kwenye m ya "amin". Herufi b, m na p ndizo za kuaminika. K na t hutokea ndani ya kinywa, kamera haizioni.

MwanaKisauni
Dada, nimeangalia. Spika iko nguzo ya mbele, mbali na kamera. Nimesogeza moja na b imekaa pale pale. Nitaanza mikato usiku huu. Swali: nikikosa fremu moja, mtu ataona?

fundi_kuze
Inategemea upande. Pendekezo la ITU-R BT.1359, la shirika la kimataifa la mawasiliano, linasema watu huanza kugundua sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45, lakini ikichelewa hawagundui mpaka kama 125. Maishani sauti huchelewa kila siku, mtu akiwa mbali. Haijawahi kumfikia mtu kabla ya midomo kusogea. Ukiwa na shaka kati ya fremu mbili, chagua ile inayochelewesha.

tuktuk_films
Habari ya simu sasa. Hiyo si saa, ni fremu zisizo na idadi moja. Simu ikiona giza inapunguza fremu yenyewe: 30 inakuwa 27, inakuwa 24, halafu mtu akisimama mbele ya dirisha inarudi 30. Resolve inadhani ni 30 muda wote, ndiyo maana sauti inakwenda mbele na nyuma. Fungua faili kwa MediaInfo, programu inayoonyesha taarifa za faili, kwenye mstari wa "Frame rate mode" utakuta "Variable".

Igeuze kabla ya kuiingiza. Programu ya HandBrake inaweza, chagua "Constant Framerate" na uandike 30. Anayependa amri, ffmpeg:

ffmpeg -i simu.mp4 -fps_mode cfr -r 30 -c:v libx264 -crf 16 -c:a pcm_s16le -ar 48000 simu_30.mov

Ffmpeg ya zamani haijui -fps_mode, weka -vsync cfr mahali pake. Na usiandike 25 hapo kwa kuwa mradi wako ni 25. Iache 30, sauti ishike kwanza, kugeuza kuwa 25 iachie Resolve. Itatupa fremu 5 kila sekunde na kamera ikizunguka utaona mtikisiko. Hakuna dawa nzuri ya hilo baada ya kurikodi.

Ila kusema kweli, picha za simu hutatumia dakika 92. Utatumia sekunde nne za mkono wa baba, sekunde sita za watoto mlangoni. Kata hizo tu, nyamazisha sauti ya simu, na pasipo na anayezungumza usijisumbue kulinganisha.

pwani_digital
Sawa, ya 44.1 nimeiachia. Lakini mbona kuna kazi zinapotea kwa sekunde nzima nzima? Hiyo nayo ni fuwele?

fundi_kuze
Hapana. Sekunde nzima ni mtu amechanganya 24 na 23.976, au 30 na 29.97. Tofauti ni moja kwa elfu, kwa dakika 92 ni sekunde 5 na nusu. Fuwele haifiki huko. Tazama mwendo wa kosa kwanza, ndipo uchague dawa: likikua pole pole kwa fremu chache ni saa; likikua kwa sekunde ni idadi ya fremu iliyosomwa vibaya; likibaki lile lile mwanzo hadi mwisho ni umbali au umeshika alama isiyo yake; likiruka ghafla ni simu, au kamera ilisimama ikaanza tena.

Wenye kamera zinazokata faili kila GB 4 wana nafuu wasiyoijua. Kwa Mbps 50 kila kipande ni kama dakika 11 na nusu. Ukilinganisha kila kipande peke yake na faili lile lile la kinasa, kosa linaanza upya kila mara na halifiki fremu nzima.

bi_rekodi
Kwa kazi zijazo: msikitini hupigi makofi wala ubao, lakini nje kwenye ngazi unaweza. Washa kamera na kinasa, bwana harusi asimame mbele ya lenzi, gonga maiki kwa ukucha mara mbili, kidole kionekane. Halafu ingieni bila kuzima chochote. Baada ya dua gonga tena. Alama moja inakupa pa kuanzia tu. Ya pili ndiyo inakuambia saa zimepishana kiasi gani, hesabu ya fundi unaifanya kwa dakika mbili.

Sauti ya kamera iweke kwa mkono, kilele kisipite dB -12. Ikiwa otomatiki, inapanda na kushuka, na mchoro wake haufanani tena na wa kinasa. Na ikiwa kuna qasida za dufu, usiipe Auto Sync sehemu hiyo. Pigo linajirudia, inaweza kushika pigo la jirani na kukuweka karibu nusu sekunde pembeni. Ipe maneno, dakika mbili za khutba zinatosha.

Weka fremu 25 na shata (shutter) ya sekunde 1/50 kila mahali, umeme wetu ni Hz 50 na taa za msikiti hazitachezacheza. Kwenye iPhone zima "Auto FPS", au tumia programu ya Blackmagic Camera, ya bure, inayokubali 25.

MwanaKisauni
Mikato yote sita tayari, dua imekaa. Lakini nikisikiliza kwa hedifoni naona bado inachelewa kidogo, kote, hata kwenye qabiltu ambayo nimeihakikisha fremu kwa fremu!

tuktuk_films
Za Bluetooth?

MwanaKisauni
Ndiyo.

tuktuk_films
Basi usiguse chochote. Bluetooth inachelewesha milisekunde 100 hadi 200, wakati mwingine zaidi. Chomeka za waya.

fundi_kuze
Na ukitoa faili, 25 na kHz 48, kama ulivyoediti.