Kompyuta ya kazi kupewa kipaumbele kwenye ruta, kasi inashuka

Mleta mada
Wakuu, habari. Fiba ya hapa ni Mbps 100 kupakua na 50 kupakia. Kuna kompyuta moja ya kazi, TV, kamera nne za ulinzi na simu kama sita. Simu zikianza kupandisha picha mtandaoni, kikao cha video kinaganda. Nikiwasha QoS (mpangilio wa ruta wa kugawa kasi kwa vipaumbele) na kuipa kompyuta kipaumbele cha juu, kikao kinatulia, ila kasi kwa waya inaishia Mbps 58. Nikizima inarudi 96. Tatizo nini?

Kebo_Sita
Mkuu, anza na kisanduku cha kasi ya jumla ndani ya QoS. Namba utakayoandika pale ndiyo dari ya nyumba nzima. Kama kipimo ni Kbps, Mbps 95 inaandikwa 95000. Wengi huacha namba ya kiwandani kisha wanalaumu mtandao.

Kama namba iko sawa, basi ni prosesa. QoS ikiwa imezimwa, chipu inapitisha pakiti (vipande vya data) kwa njia ya mkato bila kuisumbua prosesa. Ukiiwasha, ruta nyingi hufunga mkato huo, kwa sababu kila pakiti lazima ipangiwe foleni. Fungua ukurasa wa hali ya ruta huku unapima kasi. Prosesa ikigonga 100%, ruta imeelemewa na kazi ya QoS.

foleni_fupi
Naongezea: hapo kinachoganda ni upande wa kupakia. Picha zikijaza zile 50, pakiti za kikao zinasubiri nyuma yake ndani ya kile kiboksi cha fiba, ambako ruta yako haina amri. Weka dari ya kupakia 45 ili foleni ihamie kwenye ruta. Kupakua kuache wazi kama menyu inaruhusu, prosesa itapumua.

Pima hivi: anza kupakia faili kubwa, kisha `ping 8.8.8.8` (inapima muda wa pakiti kwenda na kurudi) kutoka kompyuta nyingine. Ikiruka kutoka ms 12 hadi 300, foleni bado imejaa, teremsha dari hadi 42. Ikibaki chini ya 40, acha hapo.

Kebo_Sita
Ruta ikikubali OpenWrt (mfumo huria unaowekwa badala ya ule wa kiwandani), sahau orodha ya vipaumbele. Sakinisha `luci-app-sqm` (kifurushi cha kusimamia foleni), ingia "Network" kisha "SQM QoS", chagua WAN, yaani upande wa intaneti (kama unaingia kwa PPPoE, yaani kwa jina na nywila za mtoa huduma, chagua `pppoe-wan`). Kupakua andika 0, yaani usibane. Kupakia 45000, foleni `cake`, skripti `piece_of_cake.qos`. Kwenye mipangilio ya ziada ya kupakia ongeza `nat dual-srchost`, kila kifaa kitapata mgawo sawa hata simu moja ikiwa na mafaili 20. Zima "flow offloading" (ndiyo ule mkato) kwenye "Firewall". Wenye ruta za MikroTik, kanuni ya fasttrack (mkato wao) ikibaki, simple queue (foleni yao ya kubana kasi) haizioni pakiti zile, utahangaika bure.

Mleta mada
Prosesa inagonga 100% kweli. Nimebana kupakia tu, 45: kasi 93, ping 21 huku simu zinapakia. Ila kompyuta ikihamia Wi-Fi kipaumbele kinapotea.

foleni_fupi
Kadi ya waya na ya Wi-Fi zina anwani mbili tofauti za MAC (namba ya utambulisho ya kila kadi), na ruta inatambua kifaa kwa anwani hiyo. Sajili zote mbili, na kwenye Windows zima anwani za kubahatisha kwa mtandao huo.