Vijiji vya milimani Rize, Uturuki, vimenikumbusha kwetu Tukuyu mpaka nimelia. Niende tena au nibaki bwenini?

BintiWaKatumba:
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo.

Nyumbani kwetu ni Katumba, Rungwe, kule kwenye chai. Sasa niko mwaka wa pili chuoni Trabzon, Uturuki, pwani ya Bahari Nyeusi. Mwaka wa kwanza niliuvuka vizuri. Lugha ilinitoa jasho, baridi haikunisumbua maana nimekulia kwenye Juni ya Tukuyu. Kilichonimaliza ni matembezi ya siku tatu.

Mwezi Mei rafiki yangu Mturuki alitualika kwa bibi yake, kijiji kiko juu ya Çamlıhemşin, mkoani Rize. Tulikuwa wanne: yeye, Mwindonesia, Mkirgizi na mimi. Tukapanda dolmuş, ndizo Hiace zao, tukaambaa na pwani, kisha tukaiacha bahari na kuanza kupanda kando ya mto Fırtına. Jamani! Kukata kona tu, chai. Mlima mzima chai, ukungu umeikalia, mvua inanyunyiza. Huko ndiko kunakonyesha kuliko kote Uturuki. Iliyokosekana ni migomba tu. Nikajikuta nasema kwa sauti, "Tumefika Kiwira," wenzangu wakageuka kunitazama.

Kwa bibi kuna ghala la mbao limesimama juu ya nguzo ndefu, na kila nguzo imevishwa kibao cha duara kama sahani ili panya asipande. Ndani mahindi. Jioni akapika muhlama: unga wa mahindi unakaangwa kwenye siagi, halafu anatia jibini mpaka inavutika kama ulimbo, mnachovya mkate wote kwenye sufuria moja. Ule unga ulipoanza kunukia nikaaga naenda kupiga picha. Nililia nyuma ya ghala.

Asubuhi tukaenda shambani. Wao chai wanakata kwa mkasi mkubwa wenye mfuko chini yake, kazi inakwenda mbio. Bibi akanipa mkasi. Nikaujaribu kidogo, nikauweka chini, nikaanza kuchuma kwa vidole kama mama alivyonifundisha, majani mawili na chipukizi. Bibi akaja, akanishika mkono, akaugeuza huku na huku. Akasema neno kwa lafudhi yao, rafiki yangu akanitafsiria: "Anasema mkono huu umefundishwa."

Tangu siku hiyo usingizi umekuwa wa shida. Wiki ya tatu hii sijampigia mama. Namtumia ujumbe tu, nasema nina mitihani. Na saa za Uturuki ni zile zile za Tanzania, kwa hiyo hata kisingizio cha saa sina. Naogopa nikisikia sauti yake nitalia, naye atashindwa kulala.

Sasa wenzangu wanapanga Agosti turudi, safari hii wiki nzima, tupande mpaka yayla, malisho ya juu wanakohamia na ng'ombe wakati wa joto, chini ya milima ya Kaçkar. Bibi ananiulizia. Sijamwambia yeyote yaliyonipata. Niende? Au hiyo nauli niiweke akiba ya tiketi ya kuja nyumbani?

Mchuuzi_Mwanjelwa:
Pole dada. Mimi nasema weka akiba. Ukiwa na kiu ya nyumbani, dawa yake ni nyumbani.

KamweneNjombe:
Kamwene dada. Namheshimu mkuu hapo juu, ila sikubaliani naye. Nauli ya dolmuş na tiketi ya ndege wapi na wapi? Ukibaki bwenini utakuwa umekosa vyote viwili.

Nilikaa miaka miwili kusini mwa Ujerumani. Wenzangu walikuwa wananichukua Jumamosi kwenda vijiji vya milimani. Nikiona ng'ombe wenye kengele na nyasi ndefu nakumbuka malisho ya Kitulo kwetu, moyo unanyong'onyea. Nikaanza kukataa, nasema nina kazi. Nilikataa mara tatu, wakaacha kunialika. Wakadhani siwapendi. Nilijuta baridi nzima.

Kwa hiyo waambie mapema, tena kabla ya safari. Huyo Mkirgizi ni mtu wa milima pia, usishangae akikuambia naye aliangalia pembeni siku ile. Halafu omba jiko la bibi jioni moja. Unga wa mahindi anao, songa ugali. Ile mboga yao ya karalahana ni ndugu wa sukuma wiki, katakata nyembamba kama za kwetu. Umekula chakula chake, naye ale chako.

Mkwea_Ngosi:
Mimi naongezea la njia tu. Kilele cha Kaçkar kina mita 3,937, mlima wetu wa Rungwe haufiki 3,000. Kule kwenye malisho hata Agosti usiku ni sweta na soksi nzito. Ukungu wa milima yenye mvua unakuja ghafla, wewe wa Rungwe unaujua. Msitoke bila mwenyeji.

MamaUyole:
Mwanangu, nimesoma yote, lakini mimi nimekwama kwenye wiki tatu.

Kijana wangu yuko masomoni nje mwaka wa nne huu. Kuna kipindi alikuwa ananitumia ujumbe tu, "niko salama mama, niko bize." Nilikuwa naamka saa nane usiku kuangalia simu. Nilidhani amefungwa, nilidhani anaumwa ananificha. Siku alipopiga alilia, nami nikalia, tukalia kama dakika tano. Nikalala usingizi ambao sijaulala mwezi mzima. Unamwogopea mama yako machozi, kumbe kinachomkesha ni huo ujumbe wako mfupi. Mpigie leo, mambo ya Agosti baadaye.

BintiWaKatumba:
Ndaga fijo mama. Ndaga fijo nyote.

Nimempigia jana jioni. Nililia kabla hata hajamaliza salamu. Akaningoja, nasikia kuku nyuma yake na mvua kwenye bati. Nikamsimulia kila kitu: ghala, unga, mkono wangu. Nilipofika kwenye mkasi akanikatiza. "Mkasi? Wanakata na mashina? Na majani makuukuu wanayatenga saa ngapi?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi ukamuulize huyo bibi vizuri. Na unipigie picha ya huo mkasi, upande wa chini unapofungwa mfuko."

Wenzangu nimewaambia asubuhi hii. Mkirgizi ameomba kuonja ugali. Naondoka nao Agosti.