Maonyesho ya sanaa ya popu ndani ya kanisa la zamani, nyinyi mngeingia?

mwanakwaya_jinja
Habari zenu ndugu. Mie naimba kwaya huku Jinja na mwezi ujao tunaenda Ufaransa kwa mwaliko, sasa kwenye ratiba waliyotutumia naona kuna mchana mmoja tutapelekwa kanisa la zamani sana ambalo ndani wamepanga maonyesho ya sanaa ya popu, zile picha za rangi kali, makopo ya supu na sura za waigizaji. Kanisani kwetu hata kalenda ya duka huwezi kutundika ukutani mzee wa kanisa akakuachia. Mama nimemwambia akanyamaza tu, na mama akinyamaza najua. Aliyewahi kuona kitu kama hicho aniambie, ni dharau au kuna jambo ndani yake? Na nikifika niangalie nini?

mzee_wa_hoima
Mwanangu mimi sikubali. Ukiingia pale Namirembe, kanisa kuu letu la Kampala, unashusha sauti kabla hujaambiwa. Kanisa la kabla ya hili liliungua kwa radi 1910, wakaanza tena, wakamaliza 1919. Watu hawakuhangaika vile ili kopo la supu lipate pa kutundikwa.

fundi_nasser
Mzee heshima yako, ila acha niseme kwa upande wa kazi yangu, mie napiga chapa tisheti kwa skrini, ile fremu ya kitambaa cha wavu unachopitishia wino, hapa Nasser Road Kampala mwaka wa kumi na moja sasa. Huyo mwenye makopo ya supu ni Andy Warhol, msanii wa Marekani, alikulia kwenye kanisa la Kikatoliki la Mashariki kule Pittsburgh, mtoto amekaa Jumapili zote mbele ya ukuta umejaa sura za watakatifu, moja pembeni ya nyingine. Makopo yale 32 ya 1962 aliyachora kwa mkono, lakini Marilyn Monroe, yule mwigizaji wa sinema, alipokufa mwaka huohuo akampiga kwa skrini mara 50, nusu rangi, nusu nyeusi tupu. Dada angalia ile nusu nyeusi, hata kwenye simu. Sura moja wino umejaa mpaka macho hayaonekani, nyingine imefifia kama kivuli. Mie najua ile, ni skrini inaziba au wino umeisha na bado unavuta ule mpira wa kusukumia wino, kwangu tisheti kama hiyo naitupa. Yeye aliziacha makusudi. Mtu anaondoka vile, kidogo kidogo. Na kazi zake za mwisho zilikuwa Karamu ya Mwisho ya Bwana, zikaonyeshwa Milano Januari 1987, ng'ambo ya barabara tu na ile Karamu aliyochora Leonardo da Vinci, mwezi uliofuata akafa.

mama_wawili_ntinda
Mie niliingia Saint-Eustache pale Paris, kanisa lilianza kujengwa 1532, nimechoka natafuta tu pa kukaa. Kwenye kanisa dogo la pembeni kuna altare ya Keith Haring, shaba imepakwa dhahabu nyeupe, yuleyule wa vile vikatuni vya watu wanaocheza. Katikati kuna mtu mwenye mikono mingi amepakata mtoto, matone yanadondoka, na chini umati wa watu wamenyoosha mikono juu. Haring alikuwa na ukimwi, alichonga hiyo mistari wiki chache kabla ya kufa, Februari 1990, miaka 31. Jamani nililia. Sisi wa umri wangu hapa Uganda tunaijua ile mikono, kila nyumba ilikuwa nayo. Mzee usikasirike, mie sikuona dharau pale hata kidogo.

mzee_wa_hoima
Sijakasirika binti yangu. Mimi pia nilizika wawili miaka ile. Hiyo ya matone ningependa kuiona. Kopo bado nakataa.

mwanakwaya_jinja
Asanteni sana. Mama nimemsomea haya yote, ya Haring akaniambia rudia. Dada, hiyo Saint-Eustache iko mbali na katikati? Paris tutalala siku mbili, nataka nimuombe kiongozi wa kwaya.

mama_wawili_ntinda
Si mbali. Teremka stesheni ya Les Halles, ukipanda juu tu unaliona. Kuingia ni bure, ila epuka saa ya misa.