Java: Observable ya zamani, PropertyChangeSupport au niandike obsava mwenyewe?

fundi_kodi: Wakuu habari za jioni. Nina programu ya stoo ya duka kwa Java, idadi ya bidhaa ikibadilika nataka skrini ijue na SMS iende kwa mwenye duka, ila klasi ya Stoo isijue nani anasikiliza. Hiyo ndo kazi ya obsava, yaani msikilizaji anayepewa taarifa kitu kikibadilika. Nyie mngechagua ipi kati ya hizo tatu za kwenye kichwa cha mada?

kahawa_chungu: Observable achana nayo mkuu, ina @Deprecated (alama ya kwamba haishauriwi kutumika tena) tangu Java 9, 2017 hiyo. Ile ni klasi, Stoo ikishairithi haiwezi kurithi nyingine, halafu ukisahau setChanged() kabla ya notifyObservers() hapati taarifa mtu yeyote na eror huioni, unakesha bure.

binti_java: Mi PropertyChangeSupport, klasi ya Java ya kutangaza mabadiliko, inakupa thamani ya zamani na mpya, na zikiwa sawa haimsumbui mtu. Kwa skrini iko poa. Ubaya jina la kinachobadilika ni stringi tu, ukiandika "idadi" huku na "Idadi" kule imekula kwako, kompaila haisemi kitu. Na iko kwenye moduli ya java.desktop (ya programu za madirisha), kwa programu ya seva inakera

mzee_wa_terminal: Andika mwenyewe kijana. Tangu lambda (funksheni fupi zisizo na jina) zije na Java 8 ni Consumer<Badiliko>, yaani funksheni inayopokea Badiliko, na listi ya wasikilizaji, basi. Ila listi iwe CopyOnWriteArrayList (inajinakili kila ikibadilishwa), maana kwa ArrayList msikilizaji akijitoa katikati ya luupu unakula ConcurrentModificationException, eror ya kubadilisha listi huku inapitiwa. Na SMS usiitume humohumo kwenye luupu, mtandao ukiwa mzito skrini nayo inaganda, itupie ExecutorService ifanywe pembeni kwenye thredi nyingine.

binti_java: Hapo sawa mzee wangu, ila kwenye kujitoa watu wanaumia sana. Unasajili this::onyesha (rejea ya metodi onyesha), baadaye unatoa this::onyesha, haitoki ng'o! Kila ukiandika hivyo inatengenezwa objekti mpya, remove() haiitambui. Dirisha umelifunga kitambo bado linakula memori na linaendelea kupokea taarifa 😂 Iweke kwenye variabo kwanza

fundi_kodi: Duh hiyo sikuijua. Na Flow je, ile ya Java ya mtiririko wa data?

kahawa_chungu: Flow ya nini kwa duka? Ile ni pale data inapomiminika kuliko mpokeaji anavyoweza kumeza, ndo maana kuna request(n), mpokeaji anaomba vipande n tu

fundi_kodi: Poa, naandika mwenyewe. Asanteni wakuu

mzee_wa_terminal: Fanya sajili() irudishe Runnable ya kujitoa, anayesajili anaitunza, akimaliza anaita run(). Habari ya variabo unaisahau kabisa.