Kikundi cha Familia: Jenereta ya Bibi

Mama Neema: Jamani umeme umekata tangu alasiri na friji ya Bibi imejaa samaki wa shughuli ya kesho. Juma, ile jenereta ipo?

Juma: Ipo mama mdogo. Nishaiweka korido ya nyuma, nawasha sasa hivi.

Mjomba Fundi: USIWASHE

Mjomba Fundi: Itoe nje kabisa.

Juma: Mjomba nje wataiba, majuzi wamebeba pampu ya jirani. Na mlango nimeuacha wazi, moshi utatoka.

Mjomba Fundi: Kinachoua si moshi unaouona. Ni kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu. Ndiyo hiyo hiyo inayoua watu wakilala na jiko la mkaa chumbani. Mlango wazi hautoshi. Ipeleke mita 6 au zaidi kutoka nyumbani, ekzosi isielekee dirisha la Bibi. Wala la jirani!

Mama Mkubwa: Na mtu atajuaje kama imemwingia?

Mjomba Fundi: Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili unaisha nguvu. Wengi wanadhani malaria, wanameza panadol wanalala. Mkiona nyumba nzima inaumwa kichwa na jenereta inanguruma, tokeni nje kwanza, halafu hospitali.

Baba Neema: Juma ifunge kwenye mwembe kwa mnyororo wa pikipiki. Nakuja kuilinda, mpira nitaangalia kwenye simu.

Mama Neema: Kumbe ndiyo sababu 😏

Juma: Tayari. Kuna na huu waya alioniachia fundi wa mtaani, plagi pande zote mbili. Anasema nichomeke soketi ya sebuleni, nyumba nzima itawaka.

Juma: 📷 Picha

Mjomba Fundi: Ukate huo waya leo hii, sitanii. Umeme wako utapita kwenye mita mpaka transfoma. Inayotushushia volti ndiyo itakayozipandisha, 230 ziwe 11,000 au 33,000 kwenye laini. Kijana wa TANESCO yuko juu ya nguzo anajua laini imekufa. Na upande mmoja ukichomoka, umeshika pini zenye umeme.

Baba Neema: Duh. Shemeji, mtaani kwetu wanao wengi huo.

Mjomba Fundi: Najua. Wanaotengeneza wanajiita mafundi. Chomeka friji kwa ekstensheni nene moja kwa moja kwenye jenereta, waya usipite kwenye maji. Mkitaka nyumba nzima nitakuja kufunga chenjiova, ile swichi ya kuchagua umeme wa TANESCO au wa jenereta, visikutane.

Mama Neema: Bibi anauliza atapiga pasi kanga zake?

Mjomba Fundi: Mwambie mama asubiri. Hiyo ni kVA 2.5, kama kilowati 2 tu. Friji ikianza kuzunguka inavuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake, na pasi peke yake inapita kilowati 1.

Juma: Mafuta yako robo tenki. Niongeze huku inawaka?

Mjomba Fundi: Zima. Iache ipoe vizuri ndipo umimine. Petroli ikidondokea ekzosi ya moto tutazungumza mengine. Mvua ikianza izime pia, usiifunike turubai ikiwa inawaka.

Bibi: 🎤 Ujumbe wa sauti

Mama Neema: Anasema: nani kaweka dumu la petroli jikoni kwangu, karibu na jiko?

Juma: Natoa Bibi 🏃🏾

Mjomba Fundi: JUMA